Askofu Azariah: Aliyesafiri Mbali Kuomba Urafiki

Tukisikia kanisa limepata washirika kutoka ng'ambo, wengi wetu tunafikiria kwanza mabati, kisima na karo ya watoto. Si vibaya. Lakini wiki hii tujifunze kwa mtumishi mmoja wa India, Vedanayagam Samuel Azariah, aliyesimama mbele ya watu wenye uwezo na asiombe hata senti.

Azariah alizaliwa mwaka wa 1874 katika kijiji cha Vellalanvilai, kusini kabisa mwa India. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kianglikana. Alipofika miaka 20 na kitu aliajiriwa na YMCA, akawa anazunguka akihubiria vijana. Katika kazi hiyo alipatana na Mmarekani, Sherwood Eddy. Walisafiri pamoja, wakaomba pamoja, wakahubiri pamoja, na urafiki wao ukadumu.

Mwaka wa 1902 alivuka kwenda Jaffna, kaskazini mwa Sri Lanka. Huko aliwakuta Wakristo wa Kitamil, watu wa lugha yake mwenyewe, wakituma wahubiri wao kwa pesa zao. Jambo hilo lilimchoma moyo. Kanisa la kwao lilikuwa limeishi zaidi ya miaka 100, na bado lilikuwa linangoja kuletewa! Mwaka uliofuata, yeye na wenzake wakaanzisha chama chao cha umishenari, na mwaka wa 1905 akasaidia kuanzisha kingine cha India nzima. Wahubiri wawe Wahindi, pesa zitoke India, na usimamizi uwe wa Wahindi wenyewe. Ninyi mnaofanya biashara mnalijua hili: anayeingia kwenye ubia bila kuweka chochote hawezi kuitwa mbia.

Halafu Azariah akafanya kitu ambacho wengi wetu tungekiogopa. Mwaka wa 1909 aliacha kazi yake YMCA, akawekewa mikono, akahamia Dornakal, eneo la watu wa Kitelugu. Lugha hiyo haikuwa yake, ilibidi ajifunze. Kwa hiyo alikuwa mgeni ndani ya nchi yake mwenyewe.

Mwaka wa 1910 alialikwa Edinburgh, Scotland, kwenye mkutano mkubwa wa umishenari duniani. Wajumbe walikuwa kama 1,200. Waliotoka Asia hawakufika hata 20. Azariah alipopewa nafasi ya kusema, aliwashukuru wamishenari kwa jasho na mali waliyotoa, kisha akagusa kidonda. Aliwaeleza kwamba Mhindi anaweza kutumika miaka mingi na mmishenari, na asialikwe hata mara moja kula mezani kwake. Mmoja amekuwa bosi, mwingine mfanyakazi. Akawaomba wawape Wahindi upendo na urafiki, maana hizo zawadi nyingine walikuwa wameshazipokea.

Ukumbi haukumpokea wote. Baadhi ya wamishenari walikasirika sana. Azariah angeweza kunyamaza, apige picha, arudi nyumbani na ahadi za msaada. Alichagua kusema ukweli kwa upole, na hakuvunja uhusiano.

Mwisho wa mwaka wa 1912 aliwekwa wakfu kuwa askofu wa Dornakal, Mhindi wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana. Huko alikutana na jambo lile lile la meza. Waliookoka wengi walikuwa watu wa tabaka za chini, Mala na Madiga, na makundi hayo mawili hayakupendana. Alichodai kwa Wazungu kule Edinburgh, sasa alilazimika kukidai kwa washirika wake: katika Kristo, mnashiriki meza moja. Alifundisha pia kwamba hata maskini ana kitu cha kumtolea Mungu, akaandika mpaka kitabu juu ya utoaji. Kufikia miaka ya 1940, dayosisi yake ilikuwa na Wakristo zaidi ya 200,000.

Alilala katika Bwana tarehe 1 Januari 1945. Miaka mingi alikuwa amefanya kazi ili makanisa ya kusini mwa India yaungane. Muungano huo, Church of South India, ulizaliwa mwaka wa 1947, yeye akiwa hayupo.

Sasa turudi kwetu. Wageni wa ng'ambo wakija, tunawaketisha mbele na kuwapakulia kando, ofisini, halafu sisi tunakula nje. Tunaita heshima, lakini wanaondoka bila kujua jina la hata mama mmoja aliyewapikia. Na tukituma timu Turkana, hebu tujiulize: tunakula kwa nani? Tunalala wapi? Huko sisi ndio wageni wenye magari na masanduku ya nguo. Tunaweza kuwafanyia ndugu zetu yale yale yaliyomuumiza Azariah.

Soma Wafilipi 4:10-20 wiki hii. Angalia jinsi Paulo anavyoshukuru kwa msaada, lakini anafurahia zaidi ushirika wa watu wale. Kisha, kabla ya ibada ya Jumapili ijayo, mwalike nyumbani kwako mshirika mmoja ambaye lugha yake si yako. Chai na mkate inatosha.