Huyu Yeremia Aliyelilia Mji Wake

Kijana mwenzangu, usiitupe karatasi hii. Isome hata kama uko stendi unangoja gari.

Je, kwenu kuna jambo baya lililotokea ambalo hakuna anayelitaja? Wakubwa wananyamaza, na watoto hawathubutu kuuliza. Basi msikie Yeremia.

Alikuwa kijana tu wa Anathothi, kijiji cha makuhani karibu na Yerusalemu. Alipoitwa, kama mwaka 627 KK, alijitetea kwamba ni mtoto, hajui kusema. Akakatazwa kuoa. Harusini asiende, matangani asiende. Hebu fikiria maisha hayo!

Kazi yake ilikuwa kuwaambia watu kwamba mji wao utaanguka. Nani anapenda kusikia hivyo? Baruku akayaandika maneno yake katika gombo. Mwaka 604 KK mfalme Yehoyakimu, akiota moto wakati wa baridi, akalikatakata kwa kisu na kulichoma lote. Yeremia akachukua gombo jingine, Baruku akaandika upya, na safari hii maneno yakazidi!

Baadaye wakuu wakamshusha kwenye shimo la matope afe. Aliyemtoa ni Ebedmeleki, Mkushi, Mwafrika mwenzetu, ambaye alimpa kwanza matambara aweke kwapani ili kamba zisimchubue. Mimi nayapenda sana hayo matambara.

Kama mwaka 586 KK Wababeli wakauvunja ukuta, wakachoma hekalu. Mfalme Sedekia alishuhudia wanawe wakiuawa, kisha naye akatobolewa macho. Watu wakapelekwa utumwani.

Je, walinyamaza? Hapana! Waliandika Maombolezo, ambayo mapokeo yanasema ni ya Yeremia. Ni nyimbo tano, na nne zimepangwa kwa herufi 22 za Kiebrania, moja baada ya nyingine. Humo wanamlalamikia hata Mungu, wala hakuna aliyeyafuta. Mpaka leo, kila mwaka tarehe 9 ya mwezi wa Abu, Wayahudi hukaa chini sakafuni na kuyasoma.

Lakini mji ukiwa bado umezingirwa, Yeremia akiwa kifungoni, alinunua shamba Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Shamba lenyewe liko mikononi mwa adui! Hati akaziweka katika chombo cha udongo zidumu. Hakulilima kamwe. Walimburuta mpaka Misri.

Sasa fungua Ezra sura ya 2, orodha ya waliorudi kutoka Babeli. Shuka taratibu mpaka mstari wa 23. Watu wa Anathothi: 128.