Ibn Rushd: Kadhi Aliyemfafanua Aristotle

Mwanafunzi wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, karibu na jiji la Nakuru, hukutana na Aristotle mara tu anapoanza kujifunza tanzia. Wasomi wa Ulaya ya Enzi za Kati nao walikutana na nadharia hiyo, lakini kwa sehemu kubwa kupitia kwa kadhi Mwislamu.

Ibn Rushd, aliyejulikana Ulaya kama Averroes, alizaliwa Cordoba, Uhispania, mwaka wa 1126 katika ukoo wa makadhi. Alibobea katika sheria na tiba. Khalifa Abu Yaqub Yusuf aliyaona maandishi ya Aristotle kuwa mazito, na Ibn Rushd akatwikwa jukumu la kuyafafanua. Mnamo 1169 aliteuliwa kadhi wa Seville, baadaye wa Cordoba. Katikati ya kazi za mahakama aliandika fafanuzi za ngazi tatu: fupi, za wastani na ndefu. Aidha, alimjibu Imamu Ghazali, akitetea kuwa falsafa ya kweli haipingani na dini.

Mwaka wa 1195 mambo yalimgeukia. Khalifa al-Mansur alimhamishia Lucena, na vitabu vyake vya falsafa vikachomwa moto. Baadaye alisamehewa, akafariki Marrakesh mwezi Desemba, 1198.

Fikra zake ziliokolewa na wafasiri. Ufafanuzi wake mrefu kuhusu nafsi umesalia mzima kwa Kilatini pekee. Ule wa ushairi ulitafsiriwa na Hermannus Alemannus huko Toledo mwaka wa 1256. Humo, kwa kuwa hakuzijua tamthilia za Kigiriki, Ibn Rushd aliieleza tanzia kuwa utungo wa sifa na futuhi kuwa utungo wa tashtiti. Ulaya iliupokea ufafanuzi huo pamoja na kosa lake.

Jijini Paris, mafundisho yaliyohusishwa naye yalipigwa marufuku na Askofu Étienne Tempier mnamo 1270 na 1277. Thomas Aquinas alimpinga, ilhali alimtambua kwa lakabu ya Mfafanuzi. Dante alimweka miongoni mwa wenye hekima wasiobatizwa. Katika mchoro wa Raphael ulioko Vatican, uliokamilika mnamo 1511, wengi humtambua katika mtu mwenye kilemba.

Neno falsafa lenyewe lilitoka katika Kigiriki, likaingia Kiarabu, kisha Kiswahili. Kila lugha iliyolipokea ililihifadhi kwa ajili ya nyingine.