Dokta Krapf, Mwanafunzi wa Kimvita

Ng'ambo ya bandari ya kale ya Mombasa, upande wa Nyali katika Kisauni, pana kaburi la mwanamke wa Kizungu aliyezikwa mwaka 1844. Jina lake Rosina. Wengi wapitao hapo wajua kwamba mumewe alikuwa Dokta Johann Ludwig Krapf, mhubiri wa Kikristo. Walio wachache ni wale wajuao kwamba ndiye aliyekuwa wa mwanzo kupiga chapa kitabu cha kueleza nahau ya Kiswahili. Leo nataka tumtazame kwa upande huo.

Krapf alizaliwa mwaka 1810 huko Derendingen, Ujerumani, mwana wa mkulima. Waliomtuma huku kwetu walikuwa Waingereza wa chama cha CMS. Basi Kiingereza kwake nacho kilikuwa lugha ya kujifunza, kama kilivyo kwetu sisi. Alianzia Uhabeshi mwaka 1837, na alipofungiwa njia huko alikuja Unguja mapema mwaka 1844, akapewa barua na Sayyid Said bin Sultan, kisha akashukia Mombasa. Julai mwaka huohuo homa ilimwondolea mkewe, na binti yao mchanga akafuata baada ya siku chache.

Kabla ya msiba huo alikwisha kaa mbele ya mwalimu. Mwezi Juni alianza kufasiri Kitabu cha Mwanzo akisaidiwa na Sheikh Ali, aliyekuwa kadhi wa Mombasa. Dini zao mbali, lakini katika kazi ya maneno walikutana. Mwaka 1846 aliwasili mwenziwe, Johannes Rebmann, wakahamia Rabai. Mwaka 1849 Krapf aliuona Mlima Kenya, na vitabu vya shule humtaja kwa hilo. Mimi nakitazama zaidi kitabu chake cha mwaka 1850, kilichotolewa Tübingen kwa lugha ya Kiingereza: Mjerumani akiwaeleza Waingereza usemi wa Wamvita.

Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Sisi tuliosoma Ajrumiya chuoni twajua kwamba wingi wa kitabu kwa Kiarabu ni kutub, na ile kafu ni ya asili ya neno. Mswahili alilichukua neno, akaifanya ile ki kuwa ya ngeli, akasema vitabu, kisha vitabu vizuri, vitabu vyangu. Mwingereza hubadili mwisho wa jina, na sifa huiacha ilivyo. Tena neno letu moja, nimekiona, lataka kwake maneno manne. Mtoto wa Kisauni huyasema haya bila kufikiri. Mgeni hana budi kuuliza, kuandika, kukosea na kusahihishwa na wenyewe.

Lakini haki na isemwe yote. Krapf alichagua herufi za Kirumi, ilhali wazee wetu walikuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tangu zamani. Hakuficha sababu yake: alichelea kwamba herufi za Kiarabu zitaufungulia Uislamu njia ya kuingia bara. Chaguo kama hilo ndilo lililotawala shuleni baadaye, na leo wajukuu wengi hawawezi kuzisoma barua za mababu zao. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo alizikusanya tenzi zetu zilizoandikwa kwa herufi hizo, ukiwamo Utenzi wa Tambuka, akazipeleka Ujerumani, nazo zikahifadhiwa huko Halle.

Aliondoka pwani mwaka 1853, akarudi kwa muda mfupi mwaka 1862, na akafariki Korntal mwezi Novemba 1881. Kamusi yake kubwa ilitoka London mwaka 1882 naye yumo kaburini. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipokichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, maneno mengi ya Kimvita yalibaki nje ya vitabu vya shule. Mengi katika hayo yamo ndani ya kamusi ya Krapf.

Siku hizi wazazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe hujinyima ili watoto wao wafunzwe Kiingereza, na ni vyema. Lakini mtoto asiyeelezwa ngeli za lugha yake hukariri tu kanuni za wenyewe, hana cha kulinganishia. Mwalimu akimwonyesha kwamba sisi hugeuza mwanzo wa neno na wao mwisho, ataelewa kwa siku moja alichokuwa akichapwa nacho mwezi mzima. Krapf alijua nahau za lugha nyingine kabla ya kukutana na ki na vi. Hiyo ndiyo mizani aliyopimia. Mtoto wetu anayo mizani yake tangu kwa mamake. Tusimfunze kuitupa.