Leonhard Euler na Namba 4294967297

Mwanafunzi wa Hola, kando ya Mto Tana, akizidisha 641 kwa 6700417 daftarini mwake, atapata 4294967297. Hesabu nyepesi, lakini ilifichika kwa zaidi ya miaka tisini.

Pierre de Fermat, Mfaransa aliyefariki mwaka 1665, aliamini kuwa namba hiyo ni tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Nani angemshuku bingwa kama huyo? Alimshuku Leonhard Euler, mwana wa mchungaji, aliyezaliwa Basel, Uswisi, mwaka 1707. Mwaka 1732, akiwa St Petersburg, alionyesha kuwa inagawanyika kwa 641. Baadaye akathibitisha kwamba kila kigawo tasa cha namba ile kikigawanywa kwa 64 sharti kibakishe 1. Basi vya kujaribiwa ni 193, 257, 449, 577, kisha 641. Vitano tu!

Jicho la kulia lilimpotea angali kijana. Baada ya mwaka 1766 la pili nalo likafifia. Akawa akihesabu kichwani, wengine wakimwandikia. Katika giza hilo, mwaka 1772, alitangaza kuwa 2147483647 ni namba tasa. Siku aliyofariki, 18 Septemba 1783, alikuwa bado akikokotoa.