Rebmann: miaka 29 Rabai

Asubuhi ile mawingu yameondoka, ukisimama hapa kwetu Leparua unaona theluji ya Mlima Kenya. Sisi tumeshaizoea. Lakini kulikuwa na wakati wasomi wa Ulaya walikataa katakata kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta, na mtu aliyechekwa sana kwa kusema ameiona alikuwa mhubiri, Johannes Rebmann. Wiki hii nataka tuangalie maisha yake, na si kwa sababu ya mlima.

Alizaliwa 1820 huko Gerlingen, Ujerumani. Alifika Mombasa 1846 akiwa na miaka 26, kumsaidia Ludwig Krapf. Huyo Krapf alikuwa amezika mke na binti mchanga pale pale Mombasa miaka miwili kabla. Hebu fikiria, unaripoti kazini na anayekupokea ndiye huyo. Wakapanda pamoja hadi Rabai kuanza misheni, wote wawili wakiwa na homa.

Tarehe 11 Mei 1848, akiongozwa na Bwana Kheri wa Mombasa, na mwavuli mkononi badala ya bunduki, Rebmann aliiona Kilimanjaro na weupe wake. Hapo ndipo jina lake likaingia vitabuni. Mwaka uliofuata alirudi Uchaga na mizigo mingi, nia yake ikiwa kuvuka mpaka Unyamwezi. Mangi Mamkinga wa Machame akamchukulia mali karibu yote. Safari ikaishia hapo. Akarudi Rabai mgonjwa, mikono mitupu.

Watu wengi wakifika hapo wanafunga kitabu. Mimi ndipo nilipoanza kusoma kwa makini.

Mwaka 1851 alimwoa Emma, Mwingereza, wakafunga ndoa Cairo na kuja kukaa Rabai. Walipata mtoto wa kiume, akaishi siku chache tu. Krapf, afya ikiwa imemshinda, akaondoka 1853. Baadaye uvamizi wa Wamaasai ukawafukuza mlimani kwa muda, wakakimbilia Mombasa (wazee wetu wanaosema Kimaa wasinikasirikie, mimi nasimulia tu). Kisha wakarudi.

Na walirudia nini? Mambo ya nyumbani. Emma na nyumba yake, majirani wa Rabai, maombi ya asubuhi na wale wachache waliokuja. Rebmann akakaa na maneno. Alikuwa anakusanya kamusi za Kiswahili, lugha ya Warabai, na Kinyanja. Hiyo ya mwisho alijifunza kwa mtu anaitwa Salimini, aliyetolewa kwao karibu na Ziwa Nyasa akafikishwa pwani kama mtumwa. Wanakaa, anauliza hili linaitwaje, lile linaitwaje, anaandika. Miaka na miaka.

Sasa mimi nilisomea biashara, na nakiri ile elimu inanisumbua. Ukiniletea hesabu ya Rabai, robo karne na zaidi, waumini wa kuhesabu kwa vidole, wenzake wamekufa au wamerudi kwao, ningekuandikia ripoti ya ukurasa mmoja: fungeni hilo tawi. Wageni wengine waliopita pale waliona hivyo hivyo.

Lakini mimi ndiye yule kila Jumapili jioni yuko na daftari, anajumlisha waliokuja na sadaka iliyoingia, analinganisha na wiki iliyopita. Juzi mke wangu aliniuliza chakula kilikuwaje. Sikukumbuka nimekula nini, na sahani ilikuwa bado mbele yangu. Mtoto alikuwa amelala kwa paja langu na sikuwa nimeona amelala saa ngapi. Ndiyo maana huyu mzee wa Rabai hanitoki akilini. Aliishi ndani ya siku zake. Mimi naziandika tu.

Emma alikufa 1866. Mtu angesema basi, sasa hakuna cha kumshika pale. Rebmann alikaa miaka mingine tisa. Macho yakaanza kufa, kidogo kidogo, hadi akawa kipofu kabisa. Ule weupe ambao Ulaya ilikuwa imeukataa ulikuwa umeshathibitishwa na wengine waliopanda baada yake, lakini yeye sasa hata ukurasa wa kamusi yake hangeweza kuusoma.

Mwaka 1875 alikubali kurudi kwao, baada ya miaka 29. Aliyemshika mkono njiani hadi Ujerumani alikuwa Isaac Nyondo, mtoto wa mmoja wa Wakristo wa kwanza wa Rabai, wale wale wachache wa kuhesabu kwa vidole. Ndugu, niliposoma hapo niliweka kitabu chini kwanza. Mwanawe wa kuzaa aliishi siku chache. Alipozeeka na giza likamfunika, mkono wa mtoto wa Rabai ulikuwepo.

Alikaa Korntal, karibu na Krapf, rafiki yake wa zamani. Akafa tarehe 4 Oktoba 1876. Krapf akamalizia kuitayarisha ile kamusi ya Kinyanja, yale maneno ya Salimini, ikachapishwa 1877.

Nyondo alirudi nyumbani Rabai, akaendelea na kazi ya kanisa.