Florence Nightingale na Kipimo cha Muuguzi

Hospitali ya St Thomas' ya London si ngeni kwetu wana Mara. Huko ndiko alikofariki Mtumishi wa Mungu Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Butiama, tarehe 14 Oktoba 1999. Katika hospitali hiyo, ikiwa bado kwenye majengo yake ya zamani, Florence Nightingale alianzisha shule ya wauguzi mwaka 1860.

Alizaliwa Italia tarehe 12 Mei 1820, katika familia tajiri ya Kiingereza. Wazazi wake walimkatalia uuguzi, nasi hatuwalaumu sana, kwani wauguzi wa siku zile walijulikana zaidi kwa ulevi kuliko kwa ujuzi. Hata hivyo alijifunza Kaiserswerth, Ujerumani, na mwaka 1854 akaongoza wauguzi 38 kwenda Scutari, Uturuki, kuwahudumia majeruhi wa vita vya Krimea. Kumi kati yao walikuwa masista Wakatoliki, na mmoja wao, Mama Mary Clare Moore, akawa rafiki yake wa kudumu, ingawa yeye mwenyewe alikuwa Mwanglikana.

Majira ya baridi ya kwanza askari waliendelea kufa kwa wingi, mpaka mifereji ya maji machafu iliposafishwa mwaka 1855. Baadaye, alipozichambua takwimu za vifo, alitambua kwamba huruma isiyo na maarifa haitoshi.

Shule ilianza na wanafunzi 15. Kila mwezi matroni alijaza karatasi ya kila mwanafunzi. Upande mmoja ulihusu tabia: kuwahi kazini, utulivu, uaminifu, usafi. Upande wa pili ulihusu kazi za mikono: kufunga vidonda, kutandika kitanda, kumpikia mgonjwa, kumhudumia asiyejiweza, na kuona hali inapobadilika. Mwanafunzi alipimwa wodini kwa mwaka mzima.

Karatasi nayo ilikuwa na udhaifu wake. Kuanzia mwaka 1872 Nightingale aligundua kuwa mafunzo yalikuwa pungufu na kwamba alama za matroni hazikutegemeka daima. Basi akaanza kuwaita wanafunzi nyumbani kwake, mmoja mmoja, akiandika aliyoyaona kwao.

Ndiyo maana alipinga mpango wa kuwasajili wauguzi wote kwa mtihani, akiamini kuwa mtihani hauonyeshi tabia. Hapa hatukubaliani naye kabisa. Mgonjwa anayeletwa usiku hana nafasi ya kumchunguza anayemhudumia, na daftari la usajili humlinda. Uingereza ilipitisha sheria hiyo mwaka 1919, miaka tisa baada ya kifo chake. Kwetu, Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inadai kila muuguzi asajiliwe na awe na leseni.

Lakini Baraza la Wauguzi na Wakunga haliwezi kuwapo wodini Musoma au Bunda saa nane usiku, mgonjwa asiyejiweza anapohitaji kugeuzwa. Safu ile ya uaminifu bado hujazwa na mwenzake wa zamu, na ndugu waliokesha kando ya kitanda.