Ed Wood: Alitaka kutisha watu, wakacheka

Kuna filamu ya kutisha ambayo watu huitazama ili wacheke. Inaitwa Plan 9 from Outer Space, na ndani yake viumbe kutoka anga za mbali wanafufua wafu makaburini. Leo tunamwangalia aliyeitengeneza, Mmarekani Ed Wood.

Alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1924 huko Poughkeepsie, jimbo la New York. Alipigana Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kisha akaenda Hollywood kutafuta maisha. Maneno ya kushawishi watu alikuwa nayo. Fedha hakuwa nazo.

Huko alifanya urafiki na Bela Lugosi, mzee aliyewahi kutamba mwaka 1931 kama Dracula, yule mfu anyonyaye damu. Sasa mzee huyo alikuwa amesahaulika na dawa zimemharibu. Wood akampa kazi. Lugosi alipofariki Agosti 1956 aliacha vipande vichache tu vya picha, tena bila sauti. Wengine wangevitupa. Wood akaviundia hadithi nzima, na palipopungua akamweka tabibu wa mgongo wa mkewe, mtu mrefu kuliko marehemu na asiyefanana naye, akijifunika uso kwa joho!

Pesa zilitoka kwa waumini wa kanisa moja la Kibaptisti, waliotumaini kwamba faida ingetengeneza filamu za dini. Baadhi ya waigizaji walikubali kubatizwa. Ukiitazama utaona mawe ya makaburi yakiyumba, na usiku ukigeuka mchana katikati ya tukio moja. Sisi wa redio tunamwelewa kidogo, maana nasi tumewahi kutengeneza mvua kwa kutikisa maharage kwenye sinia. Bahati yetu hamkuyaona maharage.

Filamu ilipita bila kishindo. Wood akaishia kuandika vitabu vya ngono vya bei rahisi, na pombe ikamzidi. Desemba 1978 yeye na mkewe, Kathy, walitolewa katika nyumba waliyopanga. Siku chache baadaye moyo ukasimama, akiwa kwa rafiki yake. Alikuwa na miaka 54.

Mwaka 1980 kitabu kimoja kilimtangaza kuwa mwongozaji mbaya kuliko wote, na kejeli hiyo ndiyo iliyowafanya watu waanze kuzisaka filamu zake. Mwaka 1994 Tim Burton alitoa filamu kuhusu maisha yake, na Martin Landau, aliyeigiza kama mzee Lugosi, akapata tuzo ya Oscar. Kathy alikuwa bado hai kuyaona hayo.